Nyuma ya Sikio

Mtaani kulikuwa na msusi mmoja ambaye watoto walimwogopa kuliko sindano, na huyohuyo ndiye aliyekuwa na wateja kuliko wote. Nywele alizosuka yeye hazikufumuka. Mtoto angeweza kulala nazo, kunyeshewa nazo, kupigana nazo shuleni, na wiki kadhaa baadaye mistari ikawa bado imenyooka kama imepigwa rula. Lakini siku yenyewe ya kusukwa, hapo kazi ilikuwapo. Macho yalivutwa yakawa membamba, nyusi zikapanda juu, na mtoto akitaka kucheka ilibidi kwanza aombe ruhusa kwa ngozi ya kichwa. Ndiyo maana wakamwita Mkono wa Chuma, na kwa kuwa watu wa mtaa ule walikuwa wavivu wa majina marefu, akabaki Mama Chuma.

Yeye jina hilo hakulichukia hata kidogo. Aliyelalamika ni mumewe, fundi redio, maana naye aligeuzwa Baba Chuma bila kuulizwa, ilhali alikuwa mtu mpole ambaye hata skrubu aliifungua kwa kuibembeleza.

Jambo jingine lililojulikana ni kwamba Mama Chuma hakuwahi kumwomba mtu radhi. Si mteja, si jirani, si mumewe. Siku aliyounguza shati la harusi la mumewe kwa pasi, alimwambia lilikuwa halimpendezi. Mtoto akilia mkononi mwake alimjibu kwamba uzuri unauma, na mama mtu akilalamika alimwonyesha mlango, na mama mtu alitoka kwa huo mlango akanuna wiki tatu, kisha akarudi na mtoto yuleyule, kwa sababu wapi pengine angekwenda?

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Palikuwa na kiti kimoja cha Mama Chuma mwenyewe, mkeka ambao watoto walikalia wakiwa wamebanwa katikati ya magoti yake, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa pembeni, na dirisha ambalo halikufunguliwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu Baba Chuma alikuwa amelijaza redio mbovu hadi juu. Kila redio ilikuwa inasubiri kipuri. Upande wa ndani kulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia alikuwa amelala mke mwenza.

Mke mwenza alikuwa na umri wa wiki sita. Alikuwa mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa binti yao wa pekee, na alipatikana baada ya miaka mingi ya kungoja ambayo hakuna mtu nyumbani aliyependa kuizungumzia. Babu alipomwona tu alimwita mchumba wangu. Bibi akashika kiuno, akasema, “Aha, kumbe nimeletewa mke mwenza,” na tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na wake wawili, mmoja akiwa hana hata jino. Kila jioni, mteja wa mwisho akishatoka, Mama Chuma alinawa mikono, akavuta pazia na kuuliza, “Mke mwenzangu kashindaje? Kanisengenya?” Kisha akamchukua, akakaa naye kwenye kiti kilekile cha kazi, na vile vidole vilivyoliza mtaa mzima vikawa vinapapasa kisogo cha mtoto taratibu kama vinaogopa kumwamsha.

Kumpata mke mwenza haikuwa kazi ndogo. Mama wa mkwewe, ambaye wote walimwita Mkwe, alikuwa ametandika kitanda kwake ng’ambo ya soko, akanunua na chandarua, akiamini kwamba mzazi atapumzikia huko. Wale akina mama wawili walivutana simu kwa simu, kwa heshima kubwa na meno yaliyobanwa, mpaka binti mwenyewe akasema anataka kulala karibu na mama yake. Mama Chuma alishinda, na hakuuficha ushindi wake. Mkwe alipokuja kumwona mtoto alikaribishwa kwenye benchi la wateja.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, siku ile Mama Pacha alipoingia na mtoto wake mmoja mgongoni na mdomo ukiwa tayari umeshachongoka. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, na hakuwa na dogo.

“Mama Chuma, safari hii umezidi. Hebu mtazame mwenyewe.”

Mama Chuma akamgeuza mtoto kichwa. Vipele vidogo vyekundu vilikuwa vimejipanga kwenye paji la uso pale nywele zinapoanzia, na vingine nyuma ya masikio. Macho yalikuwa mekundu, pua inachuruzika.

“Amelia huyo,” akasema. “Mtoto akilia sana hata pua hulia.”

“Alilia siku ulipomsuka. Sasa ana homa.”

“Homa ya deko. Mpe maji, mlaze.”

Mama Pacha akaondoka huku akiapa kwamba hatarudi, kama kawaida. Lakini kesho yake akaja mama mwingine, na keshokutwa wawili kwa pamoja, na wote walionyesha palepale: pajini na nyuma ya masikio.

Nywele zikikazwa kupita kiasi hutoa vipele pembezoni, hilo kila mwanamke analijua. Kichwa huuma, na mtoto aliyelia kutwa huamka na macho mekundu. Kwa hiyo mtaani hakuna aliyewaza kitu kingine, na Mama Chuma ndiye angekuwa wa mwisho kuwaza, kwa sababu msusi akiona kipele huangalia vidole vyake kwanza. Mdomoni alibaki mkali vilevile. Moyoni alianza kuogopa kwamba mkono wake umeharibika, kwamba umri umeingia kwenye vidole na hajui tena anavuta kiasi gani. Akayatupa mafuta mapya ya nywele aliyokuwa ameanza kutumia, chupa nzima. Vipele havikukoma.

Jioni moja akamkalisha mumewe mkekani, katikati ya magoti.

“Mke wangu, mimi nina nywele za kuhesabu.”

“Tulia. Hizi za kisogoni zinatosha.”

Akamsuka mistari miwili mifupi nyuma ya kichwa, akivuta kama anavyovuta siku zote. Baba Chuma alikuwa na redio mapajani, na mkononi bisibisi.

“Unasikia nini?”

“Nasikia mapenzi.”

“Mzee, sitanii. Inauma?”

Baba Chuma akaacha kazi yake. Miaka yote hiyo mkewe hakuwahi kumuuliza mtu kama inauma. Akageuza shingo kadiri mistari ilivyomruhusu, akamtazama.

“Inauma kama ilivyokuwa inamuuma binti yetu alipokuwa mdogo,” akasema. “Haijazidi, haijapungua. Kuna nini?”

“Hakuna kitu,” akajibu, akamfumua.

Siku zilizofuata alisuka kwa mkono mlegevu. Wateja wakubwa walijitazama kwenye kioo chenye ufa wakasema nywele zimekaa kama za juzi. Watoto, kwa mara ya kwanza tangu saluni ifunguliwe, walisinzia mkekani wakati wa kusukwa, naye Mama Chuma akaona labda amepata dawa. Hakujiuliza kwa nini wanasinzia. Wengine walikohoa. Kukohoa tu, basi, nani hakohoi?

Sasa katika mtaa huo kulikuwa na msichana mmoja wa miaka minne ambaye hakuwahi kukalia ule mkeka, na aliapa hatakaa. Kila alipoletwa alipiga kelele za kuitisha polisi, akauma, akateleza, akakimbia. Mwisho mama yake, muuza mboga, alishindwa, akampeleka kwa kinyozi akanyolewa zote, na mtoto akapata jina la Kipara na raha ya maisha. Kila Kipara alipopita mbele ya saluni alijishika kichwa kwa mikono miwili, akapaza sauti, “Mkono wa Chumaaa!” kisha akatimua mbio. Mama Chuma naye alitoka nje na chanuo akajifanya anamfukuza. Huo ulikuwa mchezo wao, na kwa kweli walipendana.

Asubuhi moja muuza mboga alisimama mlangoni na beseni kichwani na Kipara mgongoni. Aliuliza kama wanataka mchicha. Mama Chuma akachukua fungu moja, akawa anasubiri kelele. Kelele hazikuja. Akanyanyua macho. Kipara alikuwa amelaza shavu mgongoni kwa mama yake, macho nusu, na hata alipomwona yule adui yake wa siku zote hakushika kichwa.

“Wangu ana nini leo?”

“Mafua tu. Hajalala.”

Mama Chuma akasogea. Akamgusa kichwa, kile kichwa ambacho hakuwahi kukigusa, kikawa cha moto. Akainamisha sikio moja kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya kwa watoto wote wiki ile.

Vipele vilikuwa palepale. Na havikuishia hapo, vilishuka shingoni vikaingia ndani ya gauni.

“Huyu nani kamsuka?” akauliza kwa sauti ya juu.

“Nani amsuke, na nywele hana?”

“Hajasukwa!” Mama Chuma akapiga makofi. “Hajasukwa kabisa! Mzee! Baba Chuma, njoo uone! Huyu sijamgusa, wala chanuo langu halijamgusa, na vipele anavyo! Si mkono wangu! Mkono wangu mzima!”

Alicheka kwa furaha, machozi yakamtoka, muuza mboga akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Baba Chuma akatokea na waya shingoni, akaanza kucheka naye kwa kuwa hakujua la kufanya. Hapo ndipo Kipara akakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu mkubwa. Na nyuma ya pazia mke mwenza akapiga chafya.

Kicheko kikamkauka Mama Chuma mdomoni. Kama si mkono wake, basi ni kitu kingine. Na hicho kitu kingine kilikuwa kimekaa kwenye mkeka wake wiki nzima, mtoto baada ya mtoto, chumba kimefungwa dirisha, na kati yake na mtoto mchanga palikuwa na kipande cha kitambaa chenye maua.

“Toka naye nje,” akamwambia muuza mboga. “Mama, usinichukie, lakini toka naye sasa hivi. Tunakwenda zahanati. Beseni liache hapa.”

Njiani alitembea mbele kwa haraka.

Muuguzi wa zahanati, ambaye watu walimwita Sista, alikuwa amesukwa na Mama Chuma tangu darasa la kwanza, na aliwahi kumwambia kwamba mishono ya kujifungua ilimuuma kidogo kuliko mabutu yake. Alimpokea Kipara, akamtazama mdomoni kwa tochi, akamfungua gauni, akauliza homa ilianza lini na kikohozi lini. Kisha akamtazama msusi wake.

“Wengine wako wangapi?”

“Niliowaona mimi, saba. Au nane. Nilidhani nimewakaza.”

Sista akavuta kiti akakaa. “Hii ni surua, sina shaka kubwa, ingawa tutachukua damu ipelekwe ikapimwe. Nilishaona mmoja wa mtaa wa juu, nikawa nasubiri wengine waletwe. Hawakuletwa. Nikauliza, nikaambiwa watoto wa kwenu wana vipele vya nywele.”

Mama Chuma akaona haya ikimpanda mpaka kwenye masikio. Sista hakumwacha azame humo.

“Sikiliza. Kila mtu angedhani hivyo, hata mimi ningedhani. Sasa nina kazi mbili. Wagonjwa waletwe, na wale ambao hawajachanjwa wachanjwe haraka. Lakini mimi nikibisha hodi mtaani kwenu milango haifunguki. Tangu tulipokuja na wale wakaguzi wa mapipa ya maji, watu wakapigwa faini, wakiona hili gauni jeupe wanajificha uani.”

“Na mjukuu wangu? Ana wiki sita. Yuko nyuma ya pazia.”

Sista akasogeza kiti chake karibu.

“Umri huo bado hachanjwi. Ana kinga kidogo ya mama yake, tuombe imsaidie. Mwondoeni leo, aende penye watu wazima tu, na mumwangalie wiki mbili, tatu. Homa, kikohozi, macho, halafu vipele. Unajua vinapoanzia.”

“Najua.”

“Wewe uliugua ulipokuwa mdogo?”

“Karibu nife.”

“Basi wewe haitakushika tena. Ila kama utakuwa unaingia kwenye nyumba za wagonjwa, usiende kumshika mtoto. Sitaki hata nguo zako zimguse mpaka haya yaishe.”

Mama Chuma akatikisa kichwa kukubali. Wakati huo bado hakujua ni nini alichokikubali.

Nyumbani alipiga simu ambayo angetoa kidole kimoja asiipige.

“Mkwe, za huko? Kile kitanda bado umekitandika?”

“Kipo,” ikajibu sauti ng’ambo ya soko, kwa tahadhari. “Kwani umeshindwa?”

Mama Chuma akafumba macho. “Nimeshindwa, Mkwe. Kuna surua huku. Mpokee mtoto.”

Mkwe, ambaye angeweza kabisa kusema maneno ambayo alikuwa ameyaandaa kwa wiki sita, akasema tu, “Walete. Na wewe ujiangalie,” na Mama Chuma akampenda kwa mara ya kwanza.

Binti alifungasha huku analia. “Mama, njoo nasi. Funga saluni, twende wote.”

“Nitakuja.”

Alikuwa amekusudia kwenda kweli. Alikuwa ameshatoa hata begi. Lakini alitangulia kutoka mlangoni, akamwona Mama Pacha anaanika nguo, akaona amwambie neno moja tu kabla ya kuondoka.

“Mama Pacha, yule mtoto mpeleke zahanati, na mwenzake pia. Ni surua.”

Mama Pacha akabana kibanio kwenye shati, taratibu.

“Haya. Mkono wako umeshindwa kazi, sasa unasingizia ugonjwa.”

“Nakuambia kweli. Hata Kipara anayo.”

“Kipara ana mafua, mama yake kaniambia asubuhi. Mama Chuma, wewe kufa unaweza, kukubali kosa huwezi. Nani asiyekujua?”

Akajaribu nyumba ya pili, wakamcheka. Ya tatu, mama mmoja alimwambia kupitia dirishani kwamba mwanawe anaendelea vizuri tangu alipofumuliwa, na nyuma ya sauti yake Mama Chuma akasikia kile kikohozi kikavu. Akasimama katikati ya barabara. Akakumbuka Mama Pacha alivyosema: kukubali kosa huwezi. Nyuma yake binti yake alikuwa ametoka na mtoto amefunikwa shuka jepesi, Baba Chuma kabeba mizigo, wanamsubiri.

Akawasogelea lakini si karibu sana. “Tangulieni.”

“Mama!”

“Hawaniamini. Wakibaki ndani na watoto wao wagonjwa, wengine wataambukizwa. Na kuna wachanga wengine kwenye mtaa huu.” Akamtazama mumewe. “Mpeleke mchumba wako. Mwambie mke mwenzake anamalizia kazi.”

Baba Chuma alimfahamu mkewe. Hakubisha. Alitua mizigo, akavuta pembe ya shuka, akamwinua mtoto kidogo ili amwone usoni kwa umbali ule, kisha wakaondoka. Mama Chuma aliwasindikiza kwa macho mpaka kona, na mikono yake haikujua ikae wapi.

Alirudi zahanati akamwambia Sista avue lile gauni jeupe, avae nguo za kawaida, achukue mkoba usio na maandishi. Kisha wakaanza na nyumba ya Mama Pacha, maana kama lile lango litafunguka, yote yatafunguka.

“Hodi.”

“Umesahau nini tena?”

Watu wawili watatu walikuwa wanapita, wakapunguza mwendo.

“Nimekuja kuomba radhi,” Mama Chuma akasema.

Chanja ya vyombo ingeanguka ndani ya nyumba ile Mama Pacha asingeshtuka vile. Alitoka mpaka kizingitini.

“Umesema?”

“Nimekaza. Nimewaumiza watoto wako, mkono wangu mbaya. Naomba radhi. Nimekuja kuwafumua mwenyewe, palepale walipolala, na nimekuja na huyu bibie anayejua mambo ya ngozi, awaangalie hivyo vipele. Hutalipa chochote.”

Mama Pacha akawatazama majirani ili ahakikishe wamesikia. Walikuwa wamesikia. Uso wake, uliokuwa umekunjwa tangu wiki iliyopita, ukafunguka wote.

“Karibuni ndani,” akasema. “Karibuni sana. Rudia, Mama Chuma, baba yao yuko chumbani hajasikia.”

Naye akarudia.

Ndani pacha wawili walikuwa kitanda kimoja, mmoja anapona, mwingine ndio kwanza amewaka homa. Mama Chuma akakaa ukingoni, akachukua kichwa cha mgonjwa mapajani na kuanza kufumua, mstari kwa mstari, bila kuvuta, huku Sista anampima homa na kumtazama mdomoni. Sista alipomwambia Mama Pacha kwa upole kwamba hii si ya nywele, Mama Pacha alimgeukia Mama Chuma mdomo wazi. Alikuwa na mengi ya kusema. Akatazama vile vidole vinavyopita kwenye nywele za mwanawe, akaenda kuleta maji.

“Kwa nini basi uliomba radhi?” akanong’ona baadaye, mlangoni.

“Ungefungua?”

Mama Pacha alijifunga kitambaa kichwani, akatoka kuwatangulia nyumba inayofuata, akawa ndiye anayepiga hodi. “Fungua! Mama Chuma kaja kuomba radhi!” Habari hiyo ilikimbia kuliko wao. Watu walifungua milango kabla ya kubishiwa, maana hakuna aliyetaka kukosa. Kinyozi alikuja na kiti chake. Na kila nyumba Mama Chuma alisema yaleyale, nimekaza, mkono wangu mbaya, mnisamehe, mbele ya mabinti aliowasuka mpaka wakaolewa, na kila nyumba Sista aliingia naye, akatoka amempata mgonjwa, au mtoto asiye na chanjo, au vyote viwili. Jioni ilipoingia sauti ya Mama Chuma ilikuwa imekauka. Sista alimshika mkono akauminya.

Saluni ikafungwa. Baba Chuma aliporudi alizitoa redio zote dirishani, moja moja, akalifungua kwa nyundo, na hewa ikaingia chumbani mle kama mgeni aliyesahaulika. Kipara alilazwa hospitali kubwa, mapafu yake yalikuwa yamechafuka, na kwa siku kadhaa Mama Chuma alipokuwa akimpelekea muuza mboga chakula hakuthubutu kuuliza swali lolote, alitazama tu uso wake.

Na kila asubuhi alivuka soko akasimama kwenye njia, mbele ya dirisha la Mkwe. Binti yake alimwinua mtoto nyuma ya kioo.

“Geuza,” Mama Chuma alisema, akionyesha kwa kidole.

Binti aligeuza sikio la kulia, akalikunja taratibu. Safi.

“Na jingine.”

Safi.

“Macho?”

“Mama, macho mazuri. Jana kanyonya mpaka kalewa.”

“Haya. Mwambie mke mwenzangu asizoee kwa watu.”

Kisha alirudi, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Siku moja mtoto alikuwa na joto, kidogo tu, na Mama Chuma hakuondoka njiani pale. Alisimama mpaka jua likawa kali. Mkwe akamtolea kiti nje, akakiweka mbali kama walivyoambiwa, akaweka na kikombe cha chai juu yake, akarudi nyuma. Wakakaa hivyo, mmoja kizingitini na mwingine barabarani, wakiogopa kitu kimoja. Jioni joto likashuka. Lilikuwa joto la mchana tu, na shuka zito ambalo Mkwe alikuwa amemfunika, kosa ambalo Mama Chuma alilisamehe bila kulitaja.

Asubuhi moja akiwa anafagia mbele ya saluni alisikia sauti nyembamba, yenye kukwaruza, kutoka mgongoni kwa mtu.

“Mkono wa Chumaaa!”

Kipara alikuwa amerudi, amekonda, kichwa kimeanza kuota nywele kama vumbi. Amekishika kwa mikono miwili. Mama Chuma akaangusha ufagio. Akaingia ndani kutafuta chanuo la kumtishia nalo, na huko ndani akakaa kwanza kwenye mkeka, akalia.

Sista aliposema sasa basi, hakuna mgonjwa mpya, nenda kamshike mjukuu wako, Mama Chuma alioga mara mbili, akavaa nguo mpya. Mkwe alimfungulia mlango mwenyewe, na hakumkalisha kwenye benchi. Akamkalisha kitandani, kwenye kile kitanda, akamwekea mtoto mikononi.

Mke mwenza alikuwa mzito zaidi. Alimtazama bibi yake bila kumjua, kisha akamkamata kidole. Mama Chuma akalikunja lile sikio mwenyewe sasa, la kulia, la kushoto, akaliangalia kwa muda mrefu, akaweka mdomo wake pale nyuma.

“Mama,” binti akasema akikaa karibu naye, “watu wote wanajua sasa kwamba ilikuwa surua. Kwa nini huwaambii wafute yale maneno? Huko sokoni bado wanasema uliomba radhi kwa kukaza.”

“Waache waseme.”

“Lakini hukukaza.”

“Sijakaza tangu nizaliwe,” Mama Chuma akasema kwa hasira yake ya zamani, na mtoto akashtuka akataka kulia. Akamtikisa haraka, akashusha sauti mpaka ikawa ndogo kabisa, akamwinamia pale alipokuwa ametoka kumbusu.

“Nisamehe, mke mwenzangu,” akamwambia. “Nisamehe, mama. Nilikuweka nyuma ya pazia.”